Kufuga bakteria wa tope la mikoko wanaovunja sumu za bromini na klorini: hatua kwa hatua

Kila ukifika msimu wa projekti maswali ni yale yale. Chupa yangu imegeuka pinki, nifanyeje. Lazima niwe na inkubeta (kabati la kutunza joto)? Nimeweka DDT (ile dawa ya zamani ya kuua wadudu) miezi inapita mbona hakuna kitu. Nikipima kloraidi si inatosha? Basi naandika yote pahala pamoja, kwa ajili yako wewe unaeanza, uwe uko Unguja au Pemba, una maabara ya kawaida ya chuo, mtungi mmoja wa naitrojeni na mtu wa kukusaidia kupima kwenye HPLC (mashine ya kutenganisha na kupima kemikali). Hii si kazi ya kufanyia nyumbani, tuelewane hapo mwanzo.

Nadharia, kidogo tu

Sumu tunazozizungumzia ni zile zenye pete ya kaboni 6 iliyobandikwa klorini au bromini: PCB za mafuta ya transfoma za zamani, pentaklorofenoli ya kuhifadhia mbao, bromofenoli na jamaa zake. Penye hewa bakteria huishambulia pete kwa oksijeni, lakini pete ikishajaa halojeni (ndo hizo klorini na bromini) oksijeni inakosa pa kuingilia. Chini kwenye tope lisilo na hewa mambo yanageuka. Kuna bakteria wanaipumulia sumu yenyewe, yaani zile elektroni ambazo sisi tunazipeleka kwenye oksijeni wao wanazipeleka kwenye bromini au klorini, inang'oka, inatoka kama chumvi na haidrojeni inakaa pahala pake. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo ndani yake mna vitamini B12, likumbuke hili mana litarudi mbele. Ni kama kupara samaki, magamba kwanza ndo unakata: halojeni zikishatoka wanakuja bakteria wengine kabisa wanaifungua ile pete tupu mpaka inaishia kaboni dioksaidi, na kama hakuna salfeti basi methani pia.

Jambo hili lilionyeshwa wazi Marekani mwaka 1982, pale Suflita, Tiedje na wenzao walipotumia tope la ziwa na la maji taka kung'oa halojeni kwenye benzoeti. Bakteria mmoja aliyetoka kwenye kazi hiyo akapewa jina Desulfomonile tiedjei mwaka 1990. Inatosha, tuende kazini.

Uanze na sumu gani

Anza na 2-bromofenoli. Usianze na DDT, usianze na PCB, ntaeleza chini kwa nini. 2-bromofenoli ina bromini moja tu, ikitoka inabaki fenoli, kwahiyo una kitu kimoja cha kukitazama kinapungua na kimoja cha kukitazama kinaongezeka. Alafu baharini bromofenoli si ngeni: kuna sponji na minyoo ya kwenye tope wanaitengeneza wenyewe kujilinda, tangu zamani kabla ya viwanda, kwahiyo bakteria wa pwani wameshaizoea. Desulfoluna spongiiphila, aliyeelezwa mwaka 2009, alitolewa ndani ya sponji, na kazi yake ni hiyo hiyo ya kung'oa bromini. Tope la mikoko yetu lina nafasi nzuri sana ya kukupa matokeo ndani ya wiki chache na mimi nasema mwanafunzi anaeanza anahitaji kuona kitu kikitokea.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kibali cha utafiti, na ukifika shehia husika mwone sheha kwanza. Ukichukulia Ghuba ya Chwaka kumbuka sehemu yake imo ndani ya hifadhi ya taifa ya Jozani tangu 2004, usiingie na ndoo kimya kimya
- Chupa 12 za kioo kinene za ml 160, zile za mdomo mwembamba kama za dawa za sindano lakini kubwa
- Vizibo vinene vya mpira wa butili, vifuniko vya alumini na koleo lake la kukazia. Mpira wa kawaida hapana! unapitisha hewa
- Naitrojeni, mpira wa kupitishia, sindano ndefu na fupi, sirinji za ml 1
- Maji ya bahari ya pale pale unapochukulia tope, lita 2
- Resazurini (rangi ya kuonyesha kama kuna oksijeni, mmumunyo wa asilimia 0.1), sisteini (ya kumaliza oksijeni iliyobaki), sodiamu laktati ya molari 1 (chakula cha bakteria), sodiamu haidroksaidi ya molari 0.1
- 2-bromofenoli, na fenoli safi ya kulinganishia kwenye HPLC
- Otoklevu (chombo cha mvuke cha kuulia vijidudu), sentrifuji ndogo, vichujio vya mikromita 0.2 na 0.45
- Glavu za nitrili, miwani, na kabati la kuvutia moshi linalofanya kazi kweli sio la mapambo

Inkubeta sijaiweka kwenye orodha kwa makusudi. Joto la chumba Unguja ni kama nyuzi 25 hadi 30 sehemu kubwa ya mwaka, ndo wanalotaka bakteria hawa. Sanduku la kufunika mwanga na kona isiyopigwa na jua, bas.

Hatua

1. Nenda na bamvua, maji yakikupwa. Wakati wa maji mafu tope zuri unaweza usilifikie. Maruhubi ni karibu kwa waliopo mjini, Chwaka kuna nafasi kubwa, Pemba ghuba ya Chake Chake au Wete kote kuna mikoko. Ukiweza chukua sehemu mbili, moja safi na moja karibu na vyombo vinapotia nanga, ulinganishe.

2. Chagua tope kwa macho na pua. Hapa wengi wanaharakisha. Kwangua kwa kidole: ngozi ya juu ni ya kahawia au kijivu, nyembamba sana, hiyo ina oksijeni, hatuitaki. Chini yake rangi inabadilika ghafla inakuwa nyeusi na inanuka yai viza. Hiyo nyeusi ndo yenyewe. Sasa tazama pembeni, kama kuna tundu la kaa utaona kuta zake zimezungukwa na duara la kahawia hata ndani kabisa, mana kaa anashusha hewa na maji chini, na mizizi ya mchu nayo inapeleka oksijeni hivo hivo. Sogea hatua mbili mbali na matundu na mizizi, uchukue kutoka sentimita 5 hadi 20.

3. Chukua bila kulichanganya na hewa. Bomba la plastiki la sentimita 5 kwa upana, kanda chini taratibu, ziba juu, vuta, ziba chini. Kama huna bomba tumia chupa ya mdomo mpana, ijaze tope mpaka juu kabisa, mimina maji ya pale pale pasibaki hata povu moja la hewa, funga. Lita 1 inakutosha na kubaki. Weka kwenye boksi lenye barafu kidogo ila usigandishe, tope lililoganda likayeyuka wengi wao wanakufa. Anza kazi siku hiyo hiyo au kesho yake.

4. Tengeneza maji. Chuja maji ya bahari, kila lita weka resazurini ml 1, chemsha dakika 15, alafu yaache yapoe huku naitrojeni inapita ndani kwa sindano ndefu. Resazurini inaanza na buluu, inageuka pinki, hiyo ni kawaida. Yakipoa weka sisteini gramu 0.25 kwa lita, subiri, pinki inafifia mpaka maji yanakuwa meupe kabisa. Meupe maana yake oksijeni imekwisha. Sodiamu salfaidi watu wanaiweka pia, mimi siishauri kwa tope la mikoko kwani salfaidi yake lenyewe inatosha, na ukiigusisha na asidi kwa bahati mbaya inatoa gesi ya kuua.

Kosa la kawaida hapa: mtu kasoma kitabu kinasema weka bikaboneti gramu 2.5, anaiweka alafu anatia otoklevu, anapata unga mweupe chini ya chupa. Hiyo ni chokaa, kalisi ya bahari imekutana na kaboneti. Kipimo kile kinaendana na gesi yenye kaboni dioksaidi ndani. Kama una naitrojeni tupu usiweke bikaboneti, mchanga wetu wenyewe una chokaa ya matumbawe na unashikilia pH vizuri, pima tu kwa karatasi uone iko kati ya 7 na 8.

5. Jaza chupa. Tope ml 20 na maji ml 80 kila chupa, huku sindano ya naitrojeni iko mdomoni mwa chupa inapuliza muda wote. Ukimaliza ziba, kaza alumini, chomeka sindano mbili kwenye kizibo, moja ya kuingiza naitrojeni na fupi ya kutolea, acha dakika 15 hadi 20. Chomoa ya kutolea kwanza kisha ya kuingiza, ukifanya kinyume chake unaacha mlango wa hewa.

6. Gawa makundi manne, chupa 3 kila kundi.
- A: tope hai, sumu, laktati
- B: tope hai, sumu, bila laktati
- C: tope lililouliwa, sumu, laktati
- D: tope hai, laktati, bila sumu

Kundi C ndo watu wanataka kulikata ili wapunguze kazi, na mimi kama una chupa chache nakwambia kata B, kata D, lakini C usiiguse. Sumu ikipungua kwenye chupa hujajua bado kama imevunjwa. Inaweza kuwa imeganda kwenye tope, imeingia kwenye mpira wa kizibo, imepotea wakati wa kuchuja. Watu wanachora grafu inashuka vizuri, wanasimama mbele ya watu wanasema bakteria wamekula, kumbe tope limenyonya tu na sumu bado imo ndani nzima vile vile. Fikiria mtu anakwenda na grafu ile kusema pahala fulani pamejisafisha penyewe, watu wavue na wachokoe chaza. Ndo mana nalisisitiza hili hadi nachosha.

7. Ua tope la C sawasawa. Otoklevu nyuzi 121, saa 1, siku 3 mfululizo. Mara moja haitoshi, mana kuna bakteria wanajikunja kwenye mbegu ngumu, unaua waliohai leo, kesho mbegu zinaamka, unawaua hao. Sumu na laktati weka baada ya siku zote 3, sio kabla.

8. Weka sumu. Ndani ya kabati la moshi, glavu mkononi, pima 2-bromofenoli mg 173 (ni kiowevu, ina harufu kali inayokaa puani), iyeyushe kwenye ml 10 za sodiamu haidroksaidi. Hiyo ni milimolari 100. Ipitishie naitrojeni kidogo, kisha kila chupa ingiza ml 0.1 kwa sirinji kupitia kizibo na kichujio cha 0.2, unapata mikromolari 100. Laktati ml 0.2, inakuwa milimolari 2.

Usiyeyushe kwa ethanoli. Ethanoli ni chakula, utakuwa umewalisha kundi B bila kujijua na ulinganisho wako wote unaharibika. Na usizidishe sumu ukitaraji kuona matokeo makubwa, ikizidi inawaua hao hao unaowatafuta. Laktati nayo usizidishe: maji ya bahari yana salfeti milimolari 28, ukimwaga laktati nyingi wanaokula salfeti wanashangilia, salfaidi inapanda inakuwa sumu juu ya sumu.

9. Sampuli ya mwanzo. Tikisa, subiri saa 2 ili tope linyonye linachonyonya, ndo uchukue. Hiyo ndo sifuri yako. Ukichukua papo hapo sifuri inakuwa juu kuliko ukweli.

10. Sampuli za baadae. Siku ya 3, ya 7, kisha kila wiki. Sirinji isafishe kwa naitrojeni mara 3 kabla ya kuchoma, ingiza kwanza ml 1 ya naitrojeni ndani ya chupa, tikisa, ndo uvute ml 1 ya tope. Ukivuta bila kuingiza unatengeneza ombwe, siku moja chupa inavuta hewa yenyewe kupitia matundu ya sindano. Zungusha kwenye sentrifuji, chuja 0.45, weka kwenye kichupa chenye jina, tarehe na kundi. Andika kwa penseli au wino usiofutika, majina mengi yamefutika kwenye friji kwa unyevu.

11. Pima. HPLC yenye safu ya C18, methanoli na maji kama 60 kwa 38 na asidi ya asetiki 2, mwanga wa nanomita 280 hivi. Unatafuta vilele viwili, 2-bromofenoli na fenoli. Kila siku ya kupima pitisha na vya kulinganishia.

Sasa lile swali la kloraidi. Kwenye maji ya kisima ungeweza. Kwenye maji ya bahari haiwezekani, fanya hesabu mwenyewe: lita moja ina kloraidi kama gramu 19, na mikromolari 100 za klorini zikitoka zote zinaongeza mg 3.5. Utaonaje mg 3.5 ndani ya 19,000? Bromaidi nayo bahari inayo kama mg 65 kwa lita, wewe unaongeza 8, kwa mashine nzuri sana labda. Tafuta fenoli.

12. Soma matokeo. Unachotaka kukiona ni hiki: kundi A bromofenoli inashuka, fenoli inapanda karibu kwa kiasi hicho hicho kwa hesabu ya moli, na C imetulia. Hapo una haki ya kusema bakteria wameng'oa bromini. B ikifanya karibu sawa na A usishangae, tope la mikoko lina majani yaliyooza ya kutosha kuwalisha.

13. Walishe tena. Sumu ikiisha kwenye A ongeza dozi ile ile. Mara ya pili ikienda haraka zaidi ya ya kwanza, maana yake wameongezeka, na huo ni ushahidi mzuri kuliko maneno mengi. Baada ya dozi kadhaa hamisha ml 10 kwenda chupa mpya yenye ml 90 za maji uliyoyatengeneza kama hatua ya 4, na laktati na sumu.

Yakienda kombo

*Pinki inarudi.* Tope likiwa ndani rangi haionekani, acha chupa itulie, tazama maji ya juu. Pinki inaanza kama mstari mwembamba pale maji yanapokutana na hewa ya chupa, kabla haijashuka. Ukiuona mstari huo tu, badilisha kizibo haraka chini ya naitrojeni, puliza tena dakika 20, mara nyingi inapona. Ikishakuwa pinki mpaka chini na imekaa siku kadhaa, chupa hiyo itoe kwenye hesabu, usiibembeleze.

*Wiki 4 hakuna kitu.* Subiri. Kuna tope linachukua wiki nyingi kuamka kisha linamaliza sumu yote kwa siku chache. Angalia pH, angalia pinki, angalia kama hukuzidisha sumu. Ikipita miezi 3 rudi ukachukue tope pahala pengine.

*C nayo inashuka.* Ikishuka mwanzo kisha ikatulia, ni kunyonywa na tope, toa kiasi hicho kwenye hesabu. Ikishuka kidogo kidogo moja kwa moja na fenoli hakuna, shuku kizibo. Fenoli ikitokea ndani ya C, tope halikufa, rudia hatua ya 7.

*Bromofenoli imekwisha A lakini fenoli haionekani.* Hii inawavunja moyo watu na mara nyingi ni habari nzuri, wanaokula salfeti wameshaichukua fenoli wanaimaliza, kila moli 1 ya fenoli inakula moli 3.5 za salfeti. Rudia, chukua sampuli kila siku, utaikamata ikipanda na kushuka. Wengine wanaweka molibdeti milimolari 20 kuwazuia wanaokula salfeti ili fenoli ijikusanye, sawa, ila kama waliong'oa bromini nao ni wa kabila hilo hilo, kama Desulfoluna, utakuwa umewasimamisha wote. Kwahiyo fanya kwenye chupa za pembeni.

*Nimehamisha mara mbili tatu, imekufa.* Tope limeisha ndani na kuna kitu walikuwa wanakipata humo. Hapa ndo B12 inaporudi: si kila bakteria anaejua kuitengeneza, wengi wanaipata kwa jirani. Ongeza mmumunyo wa vitamini wenye B12, na kijiko kidogo cha tope lililouliwa.

*Kizibo kimevimba.* Gesi, pengine methani. Toboa kwa sindano safi kupunguza, mbali na moto.

*Umeme umekatika.* Chupa zenyewe hazijali. Waliokuwepo Unguja Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanajua kukaa bila umeme miezi ni kitu gani. Kinachoharibika ni sampuli kwenye friji, kwahiyo usizirundike, pima kila zikipatikana.

*Nataka DDT.* Najua kwa nini, ilipigwa majumbani visiwani enzi za kampeni za malaria na watu wanauliza ilikwenda wapi. Lakini ujue: bila hewa DDT inageuka DDD, na klorini inayotoka ni ya mkia, zile mbili za kwenye pete zinabaki, na DDD bado ni sumu. Alafu haiyeyuki kwenye maji, inajibandika kwenye kioo, tope na kizibo, kwahiyo C yako itakutesa. PCB hivo hivo, zile klorini za pembeni kwenye pete zinatoka, zilizo jirani na kiungo cha pete mbili zinang'ang'ania. Ukishaweza bromofenoli, nenda 2,4,6-tribromofenoli, kisha 3-klorobenzoeti, ndo uje huko na vizibo vyenye teflon. Na mafuta ya transfoma ya zamani usiyaguse kabisa bila mtu anaejua na vifaa vyake.

*Nikimaliza nimwage wapi?* Sio sinki, sio baharini. Chupa zote zilizowahi kuwa na bromofenoli, hata zilizosoma sifuri, mimina kwenye galoni moja la kioo lenye jina la sumu na tarehe, lifungwe, likae kwenye stoo ya taka za kemikali na msimamizi wa maabara aliandike kwenye daftari lake. Glavu na ncha za sirinji nazo kwenye ndoo yao.